Mizani ya Usukuma: mnunuzi akiwa mmoja

Leo tunazungumzia bei.

Ukiwa na kopo la mahindi na wanunuzi ni kumi, kila mmoja anaogopa usije ukaenda kwa mwenzake. Akiwa mmoja tu, hana wa kumwogopa. Bei inatoka kinywani mwake.

Wakulima wa pamba wa Usukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria, waliyajua haya kabla ya uhuru wa Tanganyika. Serikali ya kikoloni ilipanga bei ya pamba, na walioruhusiwa kununua ni wenye leseni tu. Utauliza: bei imeshapangwa, mkulima ataibiwaje? Ataibiwa kwenye mizani. Ratili zikisomwa pungufu, bei imeshuka, hata kama iliyotangazwa haijabadilika. Na mkulima aliyebeba mzigo toka mbali hana pengine pa kwenda.

Basi wakaweka mizani yao na wapimaji wao: pima kwanza, ndipo ukauze. Paul Bomani alizunguka vijijini kuwaunganisha. Vyama vya kwanza vikaandikishwa mwaka 1953, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho lao, VFCU. Baadaye likawa na viwanda vyake vya kuchambua pamba. Hadi uhuru mwaka 1961, pamba ya kanda ile ilikuwa inanunuliwa na ushirika.

Lakini hapa sikiliza vizuri. Ushirika wenyewe ukawa mnunuzi pekee. Mwaka 1966 kamati iliyoundwa na Rais Nyerere ilichunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta uongozi dhaifu na wizi. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu, kazi yao ikapewa mashirika ya umma. Mnunuzi alibadilika jina, akabaki mmoja.

Na sisi kambini? Siku ya mgao wengi tunauza sehemu ya chakula kwa wakati mmoja, kwa wachuuzi wachache, maana tunahitaji chumvi na sabuni. Siwezi kukuambia usiuze. Ila pima nyumbani kwanza. Uliza bei kwa zaidi ya mmoja. Majirani watano mkiuza pamoja, hata mchuuzi wa mbali ataona faida ya kuja.

Na mkimchagua mwenzenu awauzie, mpimieni yeye pia.