Ewart Grogan: Askari na Mwenye Mashamba wa Taveta

Ewart Scott Grogan alizaliwa London mwaka 1874. Alipigana katika vita vya Matabele mwaka 1896, kisha akaenda New Zealand alikompenda Gertrude Watt. Baba wa kambo wa msichana alimtilia shaka, Grogan akaamua kuonyesha uwezo wake kwa kusafiri kutoka kusini mwa Afrika mpaka Cairo, sehemu kubwa kwa miguu. Alifika Misri mwaka 1900, akamwoa Gertrude mwaka huohuo.

Mwaka 1904 alihamia Kenya, akajipatia msitu wa mbao na ardhi Mombasa na Nairobi, na akawa kiongozi wa walowezi. Machi 1907 aliwachapa hadharani wavuta riksho watatu wa Kikikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Alifungwa mwezi mmoja tu. Ukatili huo haukumpunguzia heshima miongoni mwa walowezi wenzake, na mwandishi yeyote wa maisha yake hana haki ya kuupita kimya.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani waliuteka mji wa mpakani wa Taveta Agosti 1914. Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau ili kuwafikia, lakini tarehe 12 Februari 1916 walishindwa kilimani Salaita. Taveta ilikombolewa mwezi uliofuata. Grogan naye alitumikia jeshi kama ofisa wa upelelezi.

Reli iliyotandikwa kwa ajili ya mizinga ndiyo baadaye iliyobeba mkonge. Katika nchi kame karibu na Taveta, Grogan alianzisha mashamba ya mkonge ya Jipe na Ziwani, akayanywesha maji ya mifereji. Miaka ya 1930 alijenga nyumba ya mawe juu ya kilima cha Girigan, ambayo watu huiita kasri la Grogan. Ukisimama pale unaiona Kilimanjaro upande mmoja na Ziwa Jipe upande mwingine, na tambarare yote chini yako.

Wataveta walikuwa na mifereji yao kando ya mto Lumi, ndani ya msitu, muda mrefu kabla yake. Ujuzi wa kumwagilia haukuletwa na mlowezi. Alichokileta ni mtaji na hatimiliki. Mashamba makubwa yalipoizunguka Taveta, wenyeji wengi walibaki maskwota kwenye nchi ya babu zao.

Gertrude alifariki mwaka 1943. Miaka minne baadaye Grogan alitoa ardhi yake Muthaiga kwa hospitali ya watoto, inayoitwa Gertrude's hadi leo. Yeye mwenyewe alifia Cape Town mwaka 1967. Mashamba ya Taveta yalikwenda kwa wamiliki wengine wakubwa, na madai ya maskwota yakaendelea kupelekwa serikalini miongo mingi baada ya uhuru.