Ni Nani Afaaye Kuwasaidia Maskini?

Msomaji, mtu akivunjika mguu hapelekwi kwa jirani mwenye huruma tu. Hupelekwa kwa daktari aliyesomea kazi yake na kupewa idhini ya kuifanya. Mtu akishtakiwa mahakamani hutafuta wakili. Lakini mjane mwenye watoto wanne, aliyetolewa nyumbani kwa kukosa kodi, aende kwa nani? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa jepesi: aende kwa yeyote mwenye moyo mwema. Moyo mwema ulidhaniwa kuwa watosha. Nataka kukusimulia jinsi jibu hilo lilivyotiliwa shaka katika Marekani, na jinsi watu walivyobishana kwa zaidi ya miaka mia moja juu ya elimu impasayo mtu aingiaye nyumbani mwa mwenzake kwa nia ya kumsaidia.

Katika karne ya 19 miji ya Marekani ilikua upesi kuliko uwezo wake wa kujitunza. Viwanda viliita watu kutoka mashambani na kutoka ng'ambo ya bahari, na biashara ilipoanguka, kama ilivyoanguka mwaka 1873 na tena mwaka 1893, watu wengi mno walikosa kazi. Vyama vya sadaka vilikuwa vingi, ila kila kimoja kilitoa kwa njia yake bila kujua kingine kimetoa nini. Ndipo mwaka 1877 ilipoanzishwa katika mji wa Buffalo jumuiya ya kupanga sadaka, kwa mfano wa ile iliyoanzishwa London mwaka 1869. Jumuiya za namna hiyo zilienea katika miji mingine. Ziliandika majina ya waombaji katika daftari, zikatuma watu wa kujitolea, aghalabu wanawake wa nyumba zenye mali, kuzuru maskini majumbani mwao. Watu hao waliitwa wageni wa kirafiki.

Hapana shaka wengi wao walikuwa na nia safi. Lakini nia safi haikuweza kumfundisha mwanamke aliyekulia katika nyumba ya watumishi kuitambua dalili ya kifua kikuu, wala kuijua sheria impasayo mume aliyetoroka jamaa yake, wala kupambanua uvivu na ugonjwa. Mara nyingi mgeni alimtazama fukara kama mtu mwenye kosa, akaanza kulitafuta kosa lenyewe. Na atafutaye kosa kwa mwenziwe hakosi kuliona.

Mmoja wa walioiona hatari hii alikuwa Mary Richmond. Yeye hakuwa binti wa nyumba kubwa. Alizaliwa mwaka 1861 katika jimbo la Illinois, akafiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa mjini Baltimore na bibi yake na ndugu za mama yake. Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1878, naye ana umri wa miaka 16. Hapo ndipo masomo yake ya darasani yalipokoma. Alifanya kazi ya ukarani New York, akarudi Baltimore akawa mwandishi wa hesabu, na mwaka 1889 akaajiriwa na jumuiya ya kupanga sadaka ya mji huo kuwa msaidizi wa mtunza hazina. Miaka miwili baadaye alikuwa katibu mkuu. Ukumbuke jambo hili, msomaji: mwanamke aliyekuja kuwa mwalimu wa walimu wa kazi hii hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Tutalihitaji mbele.

Mwaka 1897 Bibi Richmond alisimama katika mkutano mkuu wa watu wa sadaka uliofanyika Toronto, akadai iwepo shule. Alisema kwamba wao wenyewe waliupata ujuzi wao kwa kupapasa na kujikwaa, na kwamba haikuwa haki kuwaacha vijana watakaowafuata wapite njia ile ile. Tena alitaka shule hiyo iwe katika mji mkubwa, karibu na ofisi ambamo kazi hufanywa, ili masomo na vitendo viende pamoja. Nami naongeza neno ambalo msikilizaji yeyote makini angaliweza kulifikiri: kujikwaa kwa mwanafunzi katika hesabu humwumiza mwanafunzi, lakini kujikwaa kwa mgeni wa kirafiki kulimwumiza mjane.

Mwaka uliofuata jumuiya ya New York ilifungua mafunzo ya wiki sita wakati wa kiangazi. Kufika mwaka 1904 mafunzo hayo yalikuwa ya mwaka mzima. Katika Ulaya, mji wa Amsterdam ulikuwa na shule yake tangu mwaka 1899. Hivyo shule zilikuwapo. Lakini je, zilifundisha nini hasa ambacho mtu mwingine hakijui?

Swali hilo liliulizwa wazi mwaka 1915, tena Baltimore, mji ule ule alimokulia Bibi Richmond. Mwulizaji alikuwa Abraham Flexner. Jina lake lilikuwa likiogopwa. Miaka mitano nyuma alikuwa ametoa taarifa juu ya vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada, na baada ya taarifa hiyo vyuo vingi vibovu vilifungwa. (Flexner mwenyewe hakuwa daktari, bali mwalimu wa shule; pengine ndiyo sababu hakuwaonea haya madaktari.) Watu wa ustawi wa jamii walimwalika awaambie kama kazi yao ni taaluma kamili. Alianza kwa kukiri kuwa hana hakika kama anafaa kulisemea jambo hilo, kisha akalisema bila huruma. Alitaja alama za taaluma: kazi ya akili iliyo na dhima ya mtu mwenyewe, msingi wa elimu, shabaha dhahiri ya matendo, ufundi uwezao kufundishwa, umoja wa wanaoifanya, na kutanguliza manufaa ya watu. Katika alama kadhaa aliwasifu. Lakini alisema kwamba mtumishi wa ustawi wa jamii ni kama mpatanishi: huona shida, kisha humwita daktari, au mwalimu, au hakimu. Ufundi ulio wake peke yake u wapi?

Unaweza kufikiri ukumbi ule ulivyopokea maneno hayo. Walitazamia cheti, wakapewa deni.

Deni hilo lililipwa kwa sehemu kubwa mwaka 1917, Bibi Richmond alipotoa kitabu chake *Social Diagnosis*, chenye kurasa zaidi ya 500. Usidhani alikiandika kwa miaka miwili ili kumjibu Flexner. Alikuwa amekusanya habari zake kwa miaka mingi. Katika kitabu hicho alitwaa jambo lililodhaniwa kuwa la moyo tu, akalifanya kuwa jambo la ushahidi. Mtumishi aambiwapo neno na jirani, alijuaje jirani? Aliona kwa macho yake au alisikia? Ana chuki na mtu huyo? Hati husema nini, na mwalimu, na mwajiri wa zamani, na daktari? Alipanga maswali kwa ajili ya mjane mwenye watoto, mume aliyetoroka, mtoto aliyetupwa, kipofu, mlevi, mtu asiye na makao, mgeni kutoka nchi nyingine. Tena alionya kuwa maswali hayo si fomu ya kujazwa mbele ya mtu mwenye shida, bali ni ukumbusho kwa mwulizaji. Naona onyo hilo dogo lina thamani kuliko orodha yote. Palipokuwa na hukumu ya haraka juu ya tabia ya fukara, sasa palitakiwa uchunguzi, na mchunguzi alitakiwa kuweza kueleza jinsi alivyofikia maoni yake. Huo ulikuwa ufundi wa kufundishika.

Mwaka 1919 shule 17 ziliunda umoja wao. Hazikupatana katika yote. Chicago, ambako Edith Abbott alikuwa mkuu wa shule ya chuo kikuu tangu mwaka 1924, walishikilia kuwa mwanafunzi ajifunze sheria, takwimu na utawala wa serikali, kwa kuwa umaskini hautoki katika tabia ya mtu mmoja mmoja tu. Miaka ya 1930 iliwapa hoja nzito. Mamilioni walikosa kazi, na hakuna uchunguzi wa tabia uwezao kueleza uvivu wa watu mamilioni uanzao mwaka mmoja. Serikali ilianza kugawa msaada, ikahitaji watumishi wengi waliofunzwa, nao hawakutosha.

Ni katika uhaba huo huo, msomaji, ndipo umoja wa shule ulipoukaza mlango. Mwaka 1937 uliamua kwamba tangu mwaka 1939 itakubaliwa tu shule itoayo mafunzo ya miaka miwili juu ya shahada ya kwanza, yaani shahada ya pili, ambayo leo twaiita uzamili. Sababu zao zilikuwa za heshima: kumlinda mwenye shida na mtumishi mjinga, na kuipa kazi hadhi sawa na nyingine. Lakini mlango ukikazwa huacha watu nje. Vyuo vya majimbo ya mashambani, vilivyofundisha kazi hii katika shahada ya kwanza, vilisema kuwa wilaya zao haziwezi kuwapata wala kuwalipa wenye shahada mbili. Mwaka 1942 viliunda umoja wao wa kupinga. Na Mary Richmond je? Alikuwa amefariki mwaka 1928. Chuo cha Smith kilimpa shahada ya heshima mwaka 1921. Lakini kijana aliyemaliza sekondari tu, kama yeye alipoajiriwa, asingepita katika mlango uliojengwa kwa mawe ya kitabu chake.

Ugomvi wa miungano miwili ulikwisha mwaka 1952, lilipoundwa baraza moja la elimu ya ustawi wa jamii. Hata hivyo shahada ya kwanza ilingoja hadi mwaka 1974 ndipo baraza lilipoanza kuithibitisha. Afrika nayo ilikuwa na malalamiko yake: vyuo vyake vilifundisha kwa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya miji ya ng'ambo, na mwaka 1971 viliunda chama chao ili kutafuta mafunzo yanayoifaa hali ya wananchi, wengi wao wakiwa watu wa vijijini.

Jambo la mwisho la kusimulia ni la mwaka 2008. Mpaka hapo baraza la Marekani liliuliza hasa chuo kinafundisha masomo gani. Tangu mwaka huo likauliza mhitimu aweza kutenda nini. Likataja umilisi wa namna kumi, ambao mwaka 2015 ulipangwa upya ukawa wa namna tisa: kutenda kwa maadili, kutetea haki za binadamu, kutumia utafiti, kuwapima watu na jamaa zao na kuwasaidia, na mengine. Neno umilisi halikosi kukuzoelea, kwa kuwa shule za Kenya nazo zimelipokea. Na palipoamuliwa umilisi hupimwa wapi hasa, baraza halikutaja ukumbi wa mtihani. Lilitaja mazoezi nyanjani. Mwanafunzi wa uzamili hutakiwa kutimiza saa zisizopungua 900 kazini, katika hospitali, shule, mahakama au ofisi ya jamii, akiongozwa na mtumishi mzoefu anayesikia jinsi alivyozungumza na mtu mwenye shida na kumwuliza kila mara: hilo umelijuaje?