Sinema ya bure, minada ya Iramba na jenereta iliyolala ndani ya basi

Asubuhi moja mwaka jana baba mdogo alinipigia simu kutoka Iramba, mkoani Singida. Aliniambia ameamka kichwa kinagonga kama mtu aliyekesha kwenye pombe, na pombe yenyewe hanywi. Kijana wake wa kazi alikuwa ametapika mara mbili. "Nadhani ni malaria," akasema, "ila imetupata wote wawili usiku mmoja."

Malaria haina tabia hiyo. Nikamuuliza, "Baba, jenereta mnaiweka wapi usiku?"

Akanyamaza kidogo. "Si humu humu, nyuma, kwenye buti. Nikiiacha nje wanaiba, mama."

Nikamwambia wafungue milango yote, watoke nje, waende zahanati sasa hivi. Walienda, wakapona. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya kitu ambacho nilidhani nakijua: umeme unaosafiri na gari. Naiandika hapa kwa sababu najua hatuna baba mdogo mmoja tu nchi hii.

Kwanza niwaelezee hilo basi. Ni Coaster chakavu aliyoinunua baada ya kuchoka barabarani. Aling'oa viti, akaweka kitanda nyuma, jiko la gesi, meza ya kuchajia simu na friji la kufungulia juu. Anazunguka minada ya Iramba na Mkalama akiuza soda na maji baridi, anachaji simu kwa malipo, na usiku analala humo humo. Nguzo za umeme zimeshafika vijiji vingi siku hizi, lakini kiwanja cha mnada kwa kawaida ni uwanja mtupu wenye vumbi na ng'ombe. Bila jenereta hana biashara.

Gari lililobeba umeme wake

Wazo la kufunga safari na mtambo wa umeme ili kuhudumia watu walio mbali na nyaya si geni Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Uliongozwa na Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, na fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani. Walitengeneza filamu fupi za milimita 16, zipatazo 35, kuhusu afya, kilimo, kodi, hata faida ya kuweka akiba posta. Sauti haikuwa ndani ya filamu yenyewe. Ilitoka kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Kisha wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, na kushuka hadi nchi tunazoziita leo Malawi na Zambia.

Hebu fikiria mzigo wao. Taa ya projekta inahitaji umeme, motor ya kuzungusha filamu inahitaji umeme, kipaza sauti nacho hivyo hivyo. Na hiyo ni miaka ya 1930, umeme ukiwa ni anasa ya miji michache. Kwa hiyo gari la sinema lilikuwa kituo kidogo cha umeme chenye magurudumu. Mradi ulikufa 1937 baada ya fedha kukata, lakini gari la sinema halikufa. Mwaka 1939 Uingereza ilianzisha Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa ameanza kazi ya kuonyesha filamu za afya kwa gari huko Nigeria. Wakati wa vita magari ya sinema yalienea makoloni mengi. Uhuru ulipokuja, serikali mpya nazo zikaendelea nayo, safari hii zikiwa na ujumbe wao wenyewe.

Bibi yangu aliliona mojawapo akiwa binti, miaka michache baada ya Uhuru. Nilipomuuliza habari za filamu hakukumbuka kitu, isipokuwa mtu mmoja anakimbia na watu wote wanacheka. Alichokumbuka vizuri ni mashine. "Walikuwa wanaishusha, wanaipeleka kule nyuma ya mti mkubwa, wanavuta waya mrefu mpaka kwenye gari. Na kijana mmoja anakaa nayo mpaka mwisho. Yeye sinema haoni."

Kwa nini nyuma ya mti? Bibi anajua: "Ingekuwa karibu tungesikia nini?" Ni kelele, basi. Waliitenga mashine kwa ajili ya masikio, na bila kukusudia mapafu yakanufaika. Jenereta za leo zimetulia, ni ndogo, zinabebeka kwa mkono mmoja, kwa hiyo sababu ya zamani ya kuzipeleka mbali imepungua nguvu. Sababu nyingine, ile isiyosikika, iko pale pale.

Gesi isiyo na harufu

Petroli ikiungua na hewa ya kutosha hutoa kaboni dioksaidi na mvuke wa maji. Hewa isipotosha, sehemu ya kaboni huishia kuwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Kile tunachonusa kwenye moshi ni vitu vingine, ndiyo maana mtu anaweza kusema "moshi hata haukuwa mwingi" na bado akawa amekaribia kufa.

Miaka ya 1850 mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba gesi hii inaifukuza oksijeni kwenye chembe nyekundu za damu. Leo tunajua himoglobini huing'ang'ania mara 200 na zaidi kuliko inavyoishika oksijeni. Mwaka 1896 John Scott Haldane alichunguza miili ya wachimbaji waliokufa kwenye mlipuko wa mgodi wa makaa huko Wales, akakuta wengi hawakuuawa na mlipuko wenyewe bali na gesi hii iliyobaki baadaye. Haldane alikuwa ameshaivuta yeye mwenyewe maabara ili aandike dalili zake: kichwa kuuma, miguu kukosa nguvu, akili kuvurugika. Yeye ndiye aliyependekeza wachimbaji washuke na ndege wadogo ndani ya tundu, maana ndege huzidiwa kabla ya binadamu.

Ukitaka kuitofautisha na malaria, angalia mambo mawili: watu wa chumba kimoja wanaumwa pamoja, halafu wanapata nafuu wakitoka nje. Wakirudi ndani, inarudi. Na hata ukipata nafuu, nenda hospitali.

Hesabu ambayo fundi hakumpigia

Baba mdogo aliponunua jenereta ya kwanza alichukua zile ndogo za aina ya Tiger, kama watu wengi. Zina historia yake. Honda ilitoa jenereta yake ndogo ya kubebeka, E300, mwaka 1965, ikiwa na wati 300 tu. Baadaye Yamaha ikatoa ET950, na huo ndio umbo ambalo viwanda vya China vilikuja kuiga kwa wingi, tukapata hizi za bei nafuu. Injini yake ni ya mipigo miwili, kwa hiyo petroli lazima ichanganywe na oili, kwa kawaida sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili. Ukisahau oili, pistoni inajamu. Ukizidisha, plagi inachafuka na moshi unaongezeka.

Kwenye bati imeandikwa wati 950. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa, ya muda mfupi. Ya kudumu ni kama wati 650. Halafu kuna jambo la mwinuko. Singida iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, oksijeni ni chache kwenye kila mvuto wa silinda, na kanuni ya mafundi ni kwamba injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Tano mara 3.5 ni asilimia 17.5. Ile 650 inabaki kama 540, na ile 950 inabaki kama 780. Aliyenunua Dar es Salaam na aliyenunua Kiomboi wamelipia namba moja, lakini hawakupata nguvu moja.

Sasa mzigo wake: friji wati 120, taa 40, simu 30 zikichaji kama 240, spika 100. Jumla 500. Inaonekana inatosha, si ndiyo? Tatizo ni kwamba motor ya friji inapowaka huvuta kwa muda mfupi mara nne au tano ya wati zake za kawaida. Yaani friji peke yake inaomba kama 600, jumlisha 380 za vitu vingine, tunafika 980. Jenereta inanguruma, taa zinafifia, friji linatoa mlio wa "tk" na kuzima. Alihangaika hivyo miezi miwili, akiamini friji ni bovu.

Akabadilisha, akanunua ya petroli ya mipigo minne ya wati 2,500. Kwa mwinuko wetu inabaki kama 2,060, inatosha na kubaki. Shemeji yake alimshauri achukue ya kilowati 10 "ili akue nayo". Nashukuru alikataa. Hiyo ingekuwa ya dizeli, na injini ya dizeli ikifanya kazi na mzigo mdogo kila siku haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na masizi hujaa kwenye vali na bomba la moshi.

Mafuta: kutoka debe hadi chupa ya maji

Unajua kwa nini tunapima mahindi kwa debe? Zamani petroli na mafuta ya taa yaliingia nchini kwenye makopo ya bati ya galoni nne, kama lita 18. Kopo likiisha mafuta halikutupwa: lilichota maji, likapima nafaka, likaezeka paa. Mafuta yakaacha jina lake sokoni.

Leo kwenye minada petroli inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, na swali si kipimo tena, ni usafi. Mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, uchakachuaji ulishamiri. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wachakachuaji, na 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ukaribiane na wa dizeli. Injini ya petroli ikilishwa mafuta ya taa hugonga, huchafua plagi, na huungua vibaya, maana yake ndiyo hiyo hiyo: kaboni monoksaidi zaidi.

Baba mdogo aliniuliza, kwa utani nusu, kwa nini asitie mafuta ya alizeti wakati Singida imejaa. Si swali la kijinga. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na miaka ya 1980 watafiti wa Afrika Kusini walijaribu alizeti kwenye matrekta. Waligundua kwamba mafuta mabichi ni mazito, yanaganda kwenye pua za kunyunyizia. Ni lazima yabadilishwe kikemia kwanza. Na yote hayo ni kwa injini ya dizeli. Kwenye jenereta ya petroli hayawaki.

Kijana wa mashine

Tukarudi kwenye wizi, maana pale ndipo shida ilipokuwa. Ukimwambia mtu "weka jenereta nje" bila kujibu swali la mwizi, umempa ushauri wa kitabuni. Watu wa sinema walikuwa na kijana wa kukaa nayo. Baba mdogo hana mshahara wa kumlipa mtu wa kukesha.

Tulichofanya ni kujiuliza: usiku anahitaji umeme wa nini? Simu zimeshachukuliwa, spika imezimwa. Limebaki friji tu. Na friji halihitaji umeme, linahitaji baridi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334. Tukikadiria joto linaloingia kwenye friji lililofungwa ni wati 50, kwa saa nane ni kilojuli 1,440, ambazo ni sawa na barafu ya kilo nne na kitu. Chupa tano za lita moja zilizogandishwa mchana, basi. Tukaweka kumi, maana wateja wa usiku hawaishi kufungua.

Sasa mchana jenereta inakaa nje, mbali na basi, upande ambao upepo unaondoa moshi, na upepo Singida si wa kutafuta. Imefungwa mnyororo kwenye mti na waya mrefu unaingia dirishani. Saa tatu usiku inazimwa. Ikipoa inaingizwa buti, dumu la petroli linabaki nje mbali na jiko, na watu wanalala. Kwa saa sita za kazi kwa siku anatumia lita mbili hadi tatu za petroli. Zamani, ikikesha, alikuwa anatumia zaidi ya mara mbili ya hizo.

Nilimsimulia bibi jinsi tulivyomaliza. Akasikiliza, akauliza, "Kwa hiyo mmeirudisha nyuma ya mti?"

Ndiyo, bibi. Tumeirudisha.