Mchango Tusioweza Kuuacha Nje ya Historia Yetu



Katika miaka hii 25 kwaya yetu imechangisha fedha mara nyingi: za kinanda, za sare, za nauli ya mashindano na za mazishi. Tulipoketi kuandika historia hii, kamati ilikubaliana kwamba mchango mmoja usikose kutajwa, ingawa mwanzo wake hautupi sifa.

Mama mmoja kati ya waanzilishi wetu, wa sauti ya pili, alianza kusahau. Kwanza alifika kanisani siku isiyo ya mazoezi. Kisha akawa anauliza jambo lile lile mara tano. Siku moja alipotea njia akirudi kwake Bula Pesa, njia aliyoipita tangu usichana wake. Wengine wetu tulisema ni uzee tu. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Alipoacha kuja, jina lake liliendelea kusomwa kwa muda, halafu likaachwa. Hakuna aliyekwenda kubisha hodi.

Ni binti yake aliyekuja kwetu. Alikuwa amefunga kibanda chake cha mboga ili amtunze mama mchana na usiku. Hakuomba pesa. Aliomba mtu wa kukaa na mama saa mbili, naye apate kufua na kulala.

Tuliona haya, tukaanza kuuliza na kusoma. Tulijifunza kwamba kusahau kwa namna hii ni ugonjwa wa ubongo, wala si uchawi. Aina yake inayojulikana zaidi ilielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, na hadi leo haina tiba ya kuuponya. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na maradhi ya aina hii, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri, kama yetu. Hapa Kenya tuna shirika la ADOK, lililoanzishwa na Bi. Elizabeth Mutunga, ambaye babake mwenyewe aliugua. Linawakutanisha walezi ili wasibebe mzigo peke yao.

Basi tukafanya kile ambacho Wakenya tumekifanya tangu Mzee Jomo Kenyatta atuhimize kwa neno harambee mwaka 1963. Baada ya Misa ya pili tulitandaza meza uwanjani. Akina mama waliuza chai na mandazi. Familia moja ya Kiwanjani ilileta mbuzi. Akanunuliwa, akarudishwa mnadani, akauzwa tena, mara tatu. Majirani zetu Waislamu walitoa pia, wengine kwa M-Pesa, kwa maana mama huyo alikuwa amewalelea watoto.

Fedha zile zilinunua pampasi za wakubwa, zikalipa nauli ya kwenda kwa daktari na kumrudisha binti kibandani kwa miezi michache. Kisha zikaisha. Kilichobaki ni zamu. Kila juma wanakwaya wawili walikwenda kukaa na mama, na baadaye jumuiya ndogo ndogo zikaingia katika orodha hiyo. Kupitia zamu tulikuta nyumba nyingine zenye shida hiyo hiyo, zilizokuwa zimefunga milango kwa aibu.

Mama hakutukumbuka majina. Lakini tulipoanza wimbo aliotufundisha yeye, aliingia na sauti ya pili mahali pake kabisa. Tangu hapo hatukwenda kwake bila kuimba.

Ndani ya kitabu hiki utakuta bahasha. Ni ya mfuko wa walezi. Kama huna cha kutia leo, andika jina lako na siku unayoweza kushika zamu, kisha umpe katibu. Hiyo nayo tutaipokea kama sadaka.