Walioingia Majini kwa Hiari

Mwanzoni mwa 1939 bumu, jahazi kubwa la Kuwait, liitwalo Bayan liliingia delta ya Rufiji kufuata boriti. Nahodha wake alikuwa Ali al-Najdi. Kati ya mabaharia alikuwemo Mwaustralia wa miaka 35, Alan Villiers. Hakuwa mfanyabiashara wala afisa wa serikali. Alipanda chombo Aden, Desemba 1938, kwa sababu alivipenda vyombo vya tanga na alitaka kusafiri navyo kabla injini hazijavimaliza.

Watu wanaoingia majini kwa hiari, bila kusukumwa na njaa wala shida ya usafiri, wana historia yao katika pwani hii. Kwa kawaida husimuliwa kuanzia kwenye klabu za Wazungu. Ukiitazama kutoka delta, na kutoka juu zaidi mtoni huko Ngorongo, inaanzia kwingine: kwa watu ambao chombo kiliwalisha kwanza, mapenzi yakafuata.

Villiers mwenyewe alikuwa wa kundi hilo. Alizaliwa Melbourne mwaka 1903 na kuanza ubaharia akiwa na miaka 15. Alishiriki uvuvi wa nyangumi kwenye barafu ya Bahari ya Ross, akaandikia gazeti mjini Hobart, na mwaka 1931 akawa mmoja wa wenye hisa katika Parma, meli ya milingoti minne iliyobeba ngano kutoka Australia hadi Uingereza. Meli za ngano zilikuwa za kazi tupu: mabaharia wachache, malipo kidogo, matanga makubwa. Hata hivyo kila mwaka manahodha wake walishindania nani atafika kwanza. Parma iliongoza 1932, ikaongoza tena 1933 kwa safari ya siku 83. Mwaka 1934 Villiers akanunua meli ya mafunzo ya Denmark, akaiita Joseph Conrad na kuizungusha dunia nzima akiwa na vijana wanafunzi. Alirudi 1936, mfuko mtupu.

Aliowakuta ndani ya Bayan walikuwa na maisha magumu kuliko ya Parma. Baharia wa Kuwait hakuwa na mshahara. Mwisho wa safari faida iligawanywa mafungu, na fungu la wengi lilimezwa na deni. Majira ya joto walipiga mbizi kutafuta lulu katika Ghuba, wakikopa chakula cha familia kwa nahodha. Kaskazi ilipoanza kuvuma walipanda majahazi na kuja kwetu na tende, wakasubiri kusi iwarudishe kwao. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake la bidhaa ndogondogo za kuuza bandarini, na ndani ya sanduku hilo mara nyingi ndimo ilimokuwa pato lake la kweli.

Delta ndiyo iliyowatoa jasho kuliko bandari zote. Wajerumani walikuwa wameutangaza msitu wa mikoko wa Rufiji kuwa hifadhi tangu 1898, na Salale ikawa kitovu cha biashara yake. Miti iliyotakiwa ilikuwa mkoko, mkandaa na msinzi. Miti ya kujengea ilipangwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti hadi nguzo, ikahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Maji yakipwa mashua hukaa juu ya tope na watu hushuka hadi kiunoni, wakiburuta mzigo na kuubeba kwa mabega. Maji yakijaa ndipo mashua huelea na kusogezwa hadi kwenye jahazi, na bamvua ikipita kabla hujamaliza, unangoja. Mabaharia wa Bayan waliugua homa humo, mmoja baada ya mwingine. Kwa mzigo huo nyumba za Kuwait, Bahrain na Uajemi ziliezekwa, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti kutoka pwani yetu.

Villiers alishiriki yote hayo kwa hiari yake, akiwa na kamera. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka 1940. Baadaye aliongoza kikosi cha vyombo vya kushushia askari katika Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1957 akawa nahodha wa Mayflower II iliyovuka Atlantiki kwa matanga.

Mwisho wa Najdi unasema mengi zaidi kuhusu mapenzi ya bahari. Aliishi kuiona biashara ya majahazi ikifa. Mafuta ya Kuwait yaliwapa mabaharia kazi za nchi kavu, na vyombo vikaachwa ufukweni. Naye akaacha unahodha, lakini bahari hakuiacha. Tarehe 19 Februari 1979, akiwa mzee aliyestaafu, alitoka na marafiki kwenda kuvua samaki kwa burudani. Dhoruba iliwakuta, na hakurudi. Mwandishi wa Kuwait, Taleb Alrefai, alitoa riwaya juu ya siku hiyo mwaka 2017.

Watawala na klabu nao wana sehemu yao. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na meli yake ya fahari, Glasgow, iliyojengwa Scotland mwaka 1878. Ilizamishwa kwa mizinga ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 27 Agosti 1896. Klabu ya matanga ya Mombasa ilianzishwa 1910, na ya Dar es Salaam 1933. Wanachama wa enzi za ukoloni walikuwa maafisa wa serikali, wahandisi, watu wa mabenki na makampuni ya meli, ambao Jumapili walishika usukani na Jumatatu wakarudi ofisini. Mwafrika hakuingia humo kama mwanachama. Wakati huohuo Unguja, Abeid Amani Karume, aliyewahi kuwa baharia wa meli za nje, alikuwa kiongozi wa waendesha motaboti za kushusha abiria bandarini. Rais wa kwanza wa Zanzibar aliijua bahari kwa kuifanyia kazi.

Mchezo wa matanga wa Waswahili wenyewe ulikuwa, na bado ni, wa wavuvi na wachukuzi. Mashindano ya ngalawa hufanyika Unguja, yakiwemo yale ya tamasha la filamu la ZIFF lililoanza 1998, na wanaoshindana ni walewale waliotoka kuvua juzi. Kabla ya siku yenyewe ngalawa huvutwa pwani. Hukwanguliwa mwani na magamba, hukaushwa juani ili iwe nyepesi, nyufa hukalafatiwa kwa pamba, na ubavu hupakwa mafuta mpaka uteleze. Tanga la kazi, lenye viraka vya mifuko ya unga na sukari, huwekwa kando. Linalopandishwa siku hiyo huazimwa au hushonwa upya kwa mchango wa mtaa mzima, maana ushindi si wa nahodha peke yake.

Lamu mambo ni makubwa zaidi. Majahazi yanayoshindana siku za Maulidi na katika Tamasha la Utamaduni ndiyo hubeba mawe na mchanga wa kujengea kutoka kisiwa cha Manda. Siku ya mashindano mzigo hushushwa, ila mifuko michache ya mchanga hubaki ndani kwa ajili ya uzito. Ubao mrefu hutokezwa nje upande utokako upepo, na vijana hupanga mstari juu yake, miguu ikigusa povu. Nahodha akitaka kubisha hupiga kelele moja tu. Papo hapo foromali hugeuzwa upande wa pili wa mlingoti, mifuko hurushwa, na watu hukimbilia ubao mpya. Jahazi ambalo watu wake wamechelewa kidogo tu hulala, wakati mwingine huzama. Ustadi huo hakuna chuo kinachoufundisha. Umejengwa na miaka ya kurudi kutoka Manda na mawe, upepo ukiwa wa mbele.

Huko Ziwa Victoria palikuwa na mashindano ya mitumbwi ya Balimi, yaliyofadhiliwa na bia ya jina hilo, na fainali yake ikipigwa Mwanza. Timu za wanaume na za wanawake zilitoka visiwani na mwaloni, na wengi walikuwa wavuvi na watu wa biashara ya samaki. Kasia walilolishika Jumamosi ndilo walilolishika Ijumaa. Na katika miaka ya 2010 kampuni ya Kiingereza, The Adventurists, ilianza kuwaleta wageni kushindana kwa ngalawa katika pwani ya Tanzania. Watu wa ofisini, wengi bila uzoefu wa chombo cha namna hiyo, walilipa fedha nyingi ili wafanye kwa siku chache jambo ambalo mvuvi wa Kilwa au Mafia hulifanya mwaka mzima. Si jambo la kudharau. Ni ushahidi kwamba chombo kilichochongwa na fundi wa ufukweni kina thamani ambayo sisi wenyewe tumechelewa kuiona.

Ngorongo haina bahari. Iko ndani ya wilaya ya Rufiji, upande wa barabara itokayo Kibiti kupitia Mkongo kwenda Mloka, na chombo chake ni mtumbwi wa gogo moja, unaokwenda kwa kafi na upondo. Ni chombo cha kale. Maandishi ya Kigiriki ya karne ya kwanza yanataja mitumbwi ya gogo na vyombo vya kushona katika pwani hii, na Profesa Felix Chami anauweka mji wa Rhapta unaotajwa humo katika eneo la Rufiji na Mafia. Kwa Mrufiji mtumbwi ulipeleka mpunga sokoni, mgonjwa zahanati na bibi harusi kwa mumewe. Mafuriko yalipopanda, familia zilikaa kwenye madungu, vibanda vya miguu mirefu katikati ya mashamba, na kutoka dungu moja kwenda jingine ilikuwa ni kupiga kafi. Mtoto alicheza majini kwa sababu maji yalikuwa uwanja wa nyumbani.

Mwaka 1968 serikali ilianza kuwahamisha watu wa bonde kwenda vijiji vya mwinuko, katika Operesheni Rufiji. Mashamba yalibaki chini, mito na mabwawa yakabaki chini, na mtumbwi ukabaki ndio njia ya kuyafikia. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003 pantoni ya Ndundu ilipumzika, lakini kwa wanaokaa mbali na lami mambo hayakubadilika sana.

Elimu hiyo ya maji imewahi kutafutwa na mataifa makubwa. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha delta baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Ili kuifikia, Waingereza walimtuma mwindaji wa tembo P. J. Pretorius, aliyepita mikondo kwa mtumbwi usiku akipima kina cha maji kwa upondo, akitegemea wenyeji waliojua kila mlango. Julai 1915 vyombo viwili visivyohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, vilipanda na maji kujaa, na tarehe 11 Königsberg ikafikia mwisho wake. Mwaka 1924 John Ingle, yuleyule aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua haki ya mabaki yake kwa pauni 200. Masalia yalizama kabisa kwenye tope miaka ya 1960.

Leo anayeendesha boti ya starehe katika Mto Rufiji ni kijana wa Mloka, Mwaseni au Ngorongo. Huwapeleka wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa 2019, kuona viboko na mamba kwenye maziwa ya Tagalala na Manze. Mgeni huona anatembezwa tu. Dereva anasoma rangi ya maji, kwani fungu la mchanga la mwaka jana limehama, na viputo vinavyopanda mstari mmoja humwambia kiboko anakoelekea. Huko Kilindoni, kisiwani Mafia, wanaowapeleka watalii kuogelea na papa potwe ni wavuvi walioacha au kupunguza nyavu. Mto nao umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yaliwalazimu hata wazee wenye uzoefu kuanza upya kuhesabu majira ya maji.

Picha alizopiga Villiers zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Bahari la Greenwich, London. Kuwait inamkumbuka Najdi kwa jina, kwa chombo na kwa tarehe ya kifo. Upande wa Rufiji wa safari ileile, yaani wakata boriti wa Salale, wapiga upondo waliotangulia mbele ya jahazi kuonyesha mkondo, na mafundi waliochonga mitumbwi, bado haujaandikiwa kitabu. Ukataji wa mikoko ulipigwa marufuku 1987, na waliokuwa vijana wa kuhesabu korija kabla ya hapo sasa wamepita miaka sitini. Wengi wako Mbwera, Nyamisati, Salale na Kiomboni. Anayetaka kujua ni nani aliwashinda wenzake kwenye mkondo wa Simba Uranga, kwa mashua gani na kwa tanga la nani, bado anaweza kwenda kuwauliza.