Dhiki Isiyongoja Mwaka: Kibali cha Kazi kwa Mwanafunzi wa Kigeni Nchini Marekani

Anayetaka kusoma Marekani kwa viza ya F-1 huulizwa swali moja kabla ya mengine: nani atalipa? Chuo hakimpi fomu ya I-20, anayoihitaji ili kuomba viza hiyo, hadi aonyeshe fedha zitakazomtosha angalau mwaka wa kwanza. Kanuni zote za kazi zimejengwa juu ya jibu hilo. Kwa kuwa mwanafunzi ameshathibitisha kuwa anazo, kazi haichukuliwi kuwa njia ya kujikimu. Huruhusiwa kama kibarua kidogo chuoni, au kama sehemu ya mafunzo. Makala hii inadai kwamba msingi huo una kasoro, na kwamba kasoro hiyo inawaelemea zaidi vijana wanaotoka katika nchi ambazo sarafu yake haitulii.

Njia ya kwanza, na ya pekee kwa wengi katika mwaka wa kwanza, ni kazi za ndani ya chuo: maktabani, bwaloni, maabarani, dukani. Hazihitaji kibali cha Idara ya Uraia na Uhamiaji. Kikomo chake ni saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na mwenye kazi mbili hujumlisha saa za zote mbili. Kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho kimebaki dola 7.25 kwa saa tangu 2009, ingawa majimbo mengi yameweka zaidi. Palipo na kima hicho, saa 20 huleta dola 145 kwa wiki, na wiki 30 za masomo dola 4,350. Isitoshe, sehemu ya kazi za chuo hulipwa kwa ruzuku ya serikali ambayo mwanafunzi wa kigeni hana haki nayo, hivyo hubaki kugombea zilizosalia.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo yanayozungumzwa mno. CPT ni kazi iliyo ndani ya mtaala, huidhinishwa na ofisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kigeni, na kwa kawaida hungoja mwaka mmoja wa masomo. Anayeifanya kwa muda kamili miezi 12 au zaidi hupoteza haki ya OPT, yaani mafunzo ya hiari ya kazi katika fani aliyosomea, katika ngazi ileile ya shahada. OPT yenyewe ni miezi 12, na waliosomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24 tangu kanuni ya 2016. Inaweza kutumika hata kabla ya kuhitimu, lakini kila mwezi unaotumika mapema hupunguza akiba ya baadaye. Njia hizi ni nzuri kwa anayejenga taaluma. Hazikuwekwa kwa ajili ya anayedaiwa kodi ya chumba mwezi huu.

Tutazame yaliyotokea Kenya. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilinunuliwa kwa takriban shilingi 123. Kufikia Januari 2024 ilikuwa kama 160. Mzazi aliyepanga kutuma dola 20,000 kwa mwaka alihitaji shilingi milioni 2.46 kwa bei ya kwanza na milioni 3.2 kwa bei ya pili. Pengo la shilingi 740,000 lilizuka bila mzazi kupoteza kazi wala mtoto kufeli. Huko Nigeria, baada ya serikali kuiachia naira ijipangie bei Juni 2023, hali ilikuwa mbaya zaidi.

Kanuni za Marekani zinaijua dhiki ya aina hii. Zipo ndani yake ruhusa za kazi nje ya chuo kwa sababu ya ugumu mkubwa wa kiuchumi, na miongoni mwa sababu zinazotajwa waziwazi ni mabadiliko makubwa ya thamani ya sarafu. Zimo pia kupotea kwa ufadhili, ongezeko lisilo la kawaida la ada, na gharama za matibabu. Mwanafunzi huanza kwa kupata pendekezo la ofisa wa chuo, kisha hupeleka fomu ya I-765 Uhamiaji. Ada iliyowekwa Aprili 2024 ilikuwa dola 470 mtandaoni au 520 kwa karatasi. Kibali hutolewa kwa vipindi vya hadi mwaka mmoja, na mwenye nacho anaweza kufanya kazi yoyote halali, kwa mwajiri yeyote, hata isiyohusiana na masomo yake. Naamini hii ndiyo ruhusa pekee ya kawaida inayomwona mwanafunzi kama mtu anayepaswa kula.

Lakini ina sharti: lazima awe amekaa katika hadhi ya F-1 mwaka mmoja kamili wa masomo. Watetezi wa sharti hili husema linaafikiana na uthibitisho wa fedha, maana mwaka wa kwanza ulishalipiwa katika karatasi. Hapo ndipo ninapopinga. Kilichothibitishwa ni taarifa ya benki ya siku moja, mara nyingi yenye shilingi, iliyobadilishwa kwa bei ya siku hiyo. Fedha zenyewe hutumwa muhula kwa muhula, na pengo linaweza kufunguka mwezi wa tatu kama linavyoweza kufunguka mwezi wa kumi na tatu.

Na adhabu ya kukosa subira ni nzito. Aliyepoteza hadhi kwa makosa fulani, kama kupunguza masomo kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, anaweza kuomba arejeshewe. Aliyefanya kazi bila idhini hana njia hiyo, kwani kutofanya kazi kinyume cha sheria ni moja ya masharti ya kurejeshewa hadhi. Kwa hiyo kanuni inamzuia mwenye njaa kufanya kazi kwa halali katika kipindi anachoihitaji zaidi, kisha inaliweka kosa ambalo njaa humsukuma kulitenda miongoni mwa yasiyorekebishika.

Wala sharti la mwaka si nguzo isiyogusika. Mwaka 1998, sarafu za Asia zilipoporomoka, Marekani iliwalegezea wanafunzi wa Indonesia, Korea Kusini, Malaysia, Thailand na Ufilipino masharti ya kazi. Miaka ya karibuni wanafunzi kutoka Somalia, Sudan, Sudan Kusini na Ethiopia wamepata nafuu maalumu, na matangazo ya nafuu hiyo yaliondoa waziwazi sharti la kukaa mwaka mmoja. Nafuu hiyo husubiri tangazo la serikali kwa taifa zima, na kwa kawaida vita au maafa makubwa huitangulia. Kuanguka kwa shilingi kwa karibu robo hakukuleta tangazo lolote kwa Wakenya.

Marekebisho ninayoyapendekeza hayahitaji Bunge la Marekani, kwa kuwa sharti hili limewekwa kwa kanuni za wizara. Inatosha kuliondoa pale mwombaji anapoonyesha kuwa dhiki ilizuka baada ya I-20 kutolewa. Kikomo cha saa 20 kwa wiki kibaki vilevile, na wajibu wa kuthibitisha ubaki kwake. Ushahidi wa sarafu ni rahisi kuliko mwingine wote: viwango hutangazwa kila siku ya kazi na benki kuu, na kumbukumbu zake huhifadhiwa. Vyuo navyo, na wanaowaandaa wanafunzi huko Nairobi na Dar es Salaam, wanaweza kuanza leo kumweleza kila anayeondoka kwamba ruhusa hii ipo, na kwamba aweke nakala ya taarifa ya benki ya siku ya maombi pamoja na bei ya dola ya siku hiyo.