Nusu Saa Mara Mbili kwa Siku

Tarehe 7 Agosti 2019, Zulekha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa jijini Nairobi akiwa amempakata mwanawe wa miezi mitano. Alikuwa amepata dharura, na vikao havimngoji mtu. Zogo likazuka. Christopher Omulele, aliyekuwa ameshika kiti cha Spika, akamwamuru atoke. Akitaka kurudi, arudi bila mtoto. Wabunge kadhaa wanawake wakatoka naye. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani.

Kinachochoma zaidi ni kwamba Bunge la Kenya lenyewe, miaka miwili kabla, lilikuwa limepitisha Sheria ya Afya inayomtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Walioandika vifungu hivyo bila shaka waliyajua maisha ya ofisini: pawe na mahali pa kunawia mikono, jokofu, soketi ya mashine ya kukamulia maziwa, meza ndogo na viti vya kukalika. Chumba kisiwe chooni. Mama apewe hadi saa moja katika kila saa nane za kazi, muda wa kwenda na kurudi ukiwemo. Saa hiyo ilipwe, na isimegwe kwenye mapumziko ya chakula.

Hoja yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1919, mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, uliofanyika Washington, ulipitisha Mkataba Na. 3. Mama asifanye kazi kwa wiki sita baada ya kujifungua (arobaini yetu, ukipenda), na akirudi aruhusiwe kunyonyesha nusu saa, mara mbili kwa siku. Aliyefikiriwa ni mwanamke wa kiwandani au wa biashara, ambaye mtoto wake hayuko mbali. Kilimo hakikuwemo, na nchi zenye makoloni ziliachiwa mwanya wa kutoutekeleza huko kwa kisingizio cha mazingira ya mahali. Basi mwanamke aliyechuma kahawa kwenye shamba la mlowezi huko Kiambu, mtoto mgongoni, mkataba ule haukumgusa.

Uhuru nao haukuharakisha mambo. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 1976 ilitoa miezi miwili ya likizo ya uzazi yenye malipo, lakini aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka, kana kwamba leba ni mapumziko ya pwani. Adhabu hiyo iliondolewa mwaka 2007, likizo ya uzazi ikafika miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Hiyo mitatu inayobaki ndiyo yenye kazi.

Tanzania, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliweka siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Kwenye karatasi, saa hizo mbili ni ukarimu mkubwa kuliko wa Kenya. Ila mama anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta, jijini Dar es Salaam, akitoka saa nne kwenda kunyonyesha, foleni itazimaliza saa zote mbili kabla hajamwona mwanawe. Ndiyo maana wengi huziunganisha saa hizo wakawahi kuondoka jioni, na kutwa nzima mtoto hunyweshwa na dada wa kazi. Asubuhi mama hujifungia stoo, kiti kimeegemezwa mlangoni, akikamua haraka kabla blauzi haijalowa, kisha huiweka chupa kwenye friji ya ofisi kati ya soda za wenzake. Kwangu mimi, jokofu na mlango wenye komeo vingemfaa zaidi kuliko saa ya tatu.

Mwaka 2025 Tanzania iliongeza likizo kwa mama aliyejifungua njiti, jambo lililopiganiwa kwa miaka. Hata hivyo, toka Washington hadi leo, sheria hizi zinamlinda mwenye mwajiri. Mama lishe wa sokoni hana mwajiri, na halmashauri ndiyo inayokusanya ushuru wa meza yake. Hakuna kifungu hata kimoja kati ya hivi kinachoitaka halmashauri hiyo imjengee chumba.